Dirisha la Kharija: Sheria ya Taarifa Binafsi katika Mizani ya Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mjuzi wa siri na dhahiri, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi, tukiwa tumekaa msikitini hapa Kisongo tukisubiri Isha, simu yetu ilipokea ujumbe kutoka namba tusiyoijua. Ujumbe ulimtaja kwa majina yake mawili ndugu mmoja anayesali nasi. Ulisema kuwa amekopa na kukimbia deni, kwamba ni mwizi, na kwamba sisi ni mdhamini wake, hivyo tumwambie alipe kabla picha yake haijasambazwa. Hatukuwahi kumdhamini. Hatukujua hata kuwa amekopa. Tulipoinua macho tuliwaona wenzetu wanne au watano katika safu nao wanasoma simu zao, kisha wanatazamana. Walikuwa wamepokea maneno yale yale.

Yule ndugu hakuonekana msikitini kwa muda wa wiki tatu. Tulipomfuata nyumbani kwake alitueleza kuwa mtoto aliugua, naye akakopa kwa njia ya simu shilingi elfu themanini. Programu ya mkopo ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo katika simu yake, naye akabonyeza kukubali bila ya kusoma, kama wengi wetu tunavyofanya. Imamu wake, mkwewe, mwalimu wa watoto wake na mwenye duka anayempa unga kwa mkopo, wote walikuwa katika orodha ile.

Hatumtetei mtu katika kuingia kwenye riba. Hukumu yake inajulikana na hatukuandika makala hii kuirudia. Lakini dhambi ya mkopaji haimhalalishii mkopeshaji kumvunjia heshima, wala haimhalalishii kuchukua majina ya watu ambao hawakukopa chochote. Na jambo hili si la mtu mmoja wa Kisongo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya mtandao bila ya idhini yake, na malalamiko ya watu kudhalilishwa mbele ya jamaa zao yalikuwa yameenea nchi nzima.

Wapo waliotuambia kuwa dawa ya maradhi haya imekwisha patikana, nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022. Tumeona ni wajibu wetu kuisoma sheria hiyo, kisha kuipima kwa yale waliyoyaandika maulamaa wetu, tuikubali pale ilipopatia na tuonyeshe pale ilipopungua. Na katika kipimo hicho hicho tutajipima na sisi wenyewe.

Sheria inasema nini

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara hiyo pia iliitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa kuzilinda. Sheria mahsusi ya taarifa binafsi ilipitishwa na Bunge mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Msomaji azingatie mpangilio wa tarehe. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mamilioni ya watu walipanga foleni kutafuta namba ya kitambulisho cha taifa, kisha wakaweka vidole vyao katika vifaa vya mawakala chini ya miavuli barabarani. Vidole vilitangulia, na sheria mahsusi ya kuvilinda ikafuata baada ya miaka mitatu na zaidi.

Pamoja na kuchelewa huko, sheria ina mema mengi, na insafu inatutaka tuyataje. Inamtaka mkusanyaji awe amesajiliwa na Tume. Inamtaka aseme kusudio lake, asikusanye kupita haja ya kusudio hilo, na asikae na taarifa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Inampa mhusika haki ya kujua nini kimeandikwa juu yake, kusahihishiwa makosa, na kulipwa fidia akidhuriwa. Imezitenga baadhi ya taarifa na kuziita nyeti: afya ya mtu, alama za mwili wake, miamala yake ya fedha, taarifa za watoto, na pia imani yake ya dini. Mwenye kusoma fiqhi ataona kuwa mengi katika haya si mageni kwake.

Hodi na macho

Sisi Waswahili tuna neno ambalo watu wengi wa dunia hawana mfano wake, nalo ni hodi. Mtu husimama nje, husema hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka bila ya chuki. Adabu hii ina asili. Katika Surat an-Nur, aya ya 27 na ya 28, Allah (S.W.) amewakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka wabishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi basi warudi, kwani huko ndiko kutakasika. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) alibisha mara tatu mlangoni kwa Umar bin al-Khattab (R.A.), hakuitikiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza, alimjibu kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.), na Umar hakuridhika mpaka alipoletewa shahidi mwingine. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Yule aliyebisha hodi alikuwa sahaba mkubwa, na aliyekuwa ndani alikuwa Khalifa. Wala ukubwa wa mmoja wao haukuiondoa hodi.

Tena aya ya 58 ya sura hiyo hiyo imekwenda mbali zaidi. Imewataka hata watumishi na watoto ambao hawajabaleghe, watu wa ndani ya nyumba, waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya Isha. Hapa pana faida kubwa ya kifiqhi, nayo ni kwamba ruhusa ya kuingia nyumbani si ruhusa ya kuona kila kitu kila saa. Aliyepewa idhini ya jambo moja hakupewa idhini ya yote.

Na sababu ya hodi imeelezwa waziwazi. Katika hadithi ya Sahl bin Saad (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kupitia tundu katika chumba cha Mtume (S.A.W.), naye Mtume akiwa na kichanuo mkononi akijikuna kichwa. Mtume (S.A.W.) alimkemea kwa ukali na kumfahamisha kuwa kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Kwa hiyo kinacholindwa si kizingiti tu. Kinacholindwa ni kile ambacho jicho halina haki ya kukiona. Mtu anaweza kusimama Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari, asiguse kizingiti cha mtu, na bado akawa ameingia nyumbani kwake bila ya hodi.

Maulamaa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu, wameichukua hadithi ya mwenye kuchungulia kwa dhahiri yake. Wamesema mwenye nyumba akimrushia kijiwe mtu anayechungulia makusudi kwenye tundu, na jicho likaharibika, hana dhamana. Wengine, wakiwemo Mahanafi, wameona dhamana ipo. Lakini Mashafi wameweka masharti, na moja ya hayo ni kuwa mlango usiwe umeachwa wazi. Mwenye nyumba akiuacha wazi, upungufu ni wake. Tulikumbuke sharti hili, kwa sababu wengi wetu milango ya simu zetu tumeifungua wenyewe.

Baadhi ya waandishi hutumia pia hadithi ya mwenye kutazama barua ya nduguye bila ya idhini, kuwa ni kama anayetazama motoni. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud, naye mwenyewe ameeleza udhaifu wa njia zake. Sisi hatujengi hoja juu yake, kwani yaliyo sahihi yanatosha.

Shubuha ya "asiye na kosa haogopi"

Kila tunapozungumza jambo hili, hatukosi mtu wa kusema: mimi sina baya ninalolifanya, basi waandike watakavyo, anayeogopa kuonekana ana lake jambo. Maneno haya yanasikika hata mimbarini, nayo yana makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa sitri imewekwa kwa ajili ya wakosefu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichana nywele zake, na hakuna aliyekuwa mbali zaidi na kosa kuliko yeye. Mtu anayeoga hafanyi dhambi, na bado hufunga mlango. Mgonjwa hafanyi dhambi, wala mwenye deni aliyekwama, wala mwanamke anayemshitakia mamaye udhia wa mumewe kwa simu.

Kosa la pili ni kudhani kuwa hata mkosefu hana haki ya sitri. Allah (S.W.) amekataza kupelelezana katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, na hakubagua kati ya mwema na mwovu. Kisa cha Umar (R.A.) kupanda ukuta na kumkuta mtu katika maasi, kisha yule mtu akamkumbusha kuwa amefanya makosa matatu kwa moja lake, kinapendwa sana na wahubiri, na al-Ghazali amekitaja katika Ihya, lakini isnadi zake zimesemwa. Tuchukue kilicho imara zaidi. Ibn Masud (R.A.) aliletewa habari ya mtu ambaye ndevu zake zinadondoka pombe. Akajibu kuwa tumekatazwa kupeleleza, ila likitudhihirikia jambo tunalichukulia hatua. Imepokewa na Abu Daud. Na Abu Daud amepokea pia kutoka kwa Muawiya (R.A.) hadithi inayomuonya mwenye mamlaka kwamba akifuatilia aibu za watu atawaharibu. Wanachuoni wamesema sababu ni kuwa mtu akishajua ameonekana na hana tena sitri, haya humtoka, na anayekosa haya hufanya atakalo.

Yule ndugu yetu wa Kisongo ni ushahidi wa haya. Kabla ya ujumbe ule alikuwa mwenye deni anayesali jamaa. Baada yake alikuwa mwenye deni asiyekuja msikitini.

Pungufu la kwanza: ridhaa

Sasa tuingie katika naqdi yenyewe. Sehemu kubwa ya sheria hii, kama sheria nyingi za mataifa mengine juu ya jambo hili, imeegemea ridhaa ya mhusika. Ridhaa ni jambo kubwa katika fiqhi, lakini maulamaa hawakuipokea bila ya masharti. Miongoni mwa masharti ya mkataba ni kujua kinachotolewa na kinachopokewa; kisichojulikana huingia katika gharari. Ukurasa mrefu wa masharti, kwa lugha asiyoijua mkopaji, anaobonyeza huku mtoto ana homa, ni vigumu kuuita ujuzi.

Mfano wa karibu ni ule wa Nairobi mwaka 2023. Kampuni ya Worldcoin iliweka vifaa vya kupiga picha mboni za macho, na anayekubali alipewa sarafu za kidijitali ambazo siku zile thamani yake ilikuwa takriban shilingi 7,000 za Kenya. Maelfu walipanga foleni. Serikali ya Kenya ilisimamisha kazi hiyo mwezi Agosti 2023, na mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa hizo za mwili zifutwe. Waliopanga foleni walikuwa wameridhia kwa ndimi zao. Lakini ni wangapi waliojua mboni yao inakwenda wapi na itakaa huko miaka mingapi? Nguo ukijuta kuiuza utanunua nyingine. Jicho hulibadilishi.

Kuna jambo zito zaidi. Yule ndugu aliporuhusu programu isome majina katika simu yake, aliridhia kwa niaba ya nani? Namba yetu ilikuwa yetu. Tulimpa kwa ajili ya kuulizana hali na kuitana mazishini. Katika fiqhi, anayeuza au kutoa mali ya mwingine bila ya kuwa wakili wala walii wake huitwa fudhuli. Kwa Mashafi, katika kauli ya jadid, tendo lake ni batili tangu mwanzo. Kwa Mahanafi na Wamaliki linasimama likisubiri idhini ya mwenyewe. Hakuna katika madhehebu manne anayesema kuwa linapita bila ya mwenye mali kuulizwa. Basi orodha ya majina katika simu ni amana za watu wengi mkononi mwa mtu mmoja, na ridhaa yake haimtoshelezi mkusanyaji kwa yasiyokuwa yake.

Sheria yetu ina asili ya hukumu hii, kwani inataka taarifa zichukuliwe kwa mhusika mwenyewe, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Upungufu wake uko katika njia ya kuupata msaada. Mlango mkuu uliowekwa kwa aliyedhurika ni kulalamika kwa Tume. Mtu ambaye namba yake imechukuliwa kutoka simu ya mwingine hana habari, na atakapopata habari ujumbe umeshasomwa na safu nzima. Anayengoja mpaka alalamikiwe huwa anatibu jeraha, hali yeye alitakiwa azuie kisu.

Pungufu la pili: dirisha

Hapa tunafika kwenye kisa tulichokipa makala jina lake. Ibn Abd al-Hakam, aliyefariki mwaka 257 H, amesimulia katika historia yake ya Misri kuwa Kharija bin Hudhafa (R.A.) ndiye wa kwanza kujenga chumba cha juu katika mji wa Fustat. Habari ikamfikia Umar (R.A.) Madina. Alimwandikia gavana wake Amr bin al-As (R.A.) aingie katika chumba hicho, aweke kitanda, amsimamishe juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi, ikiwa mtu huyo ataweza kuona nje kupitia madirisha yake, basi chumba kibomolewe. Amr alifanya hivyo, akakuta mtu hafikii kuona, akakiacha.

Tuitafakari hukumu hii. Kharija alikuwa sahaba, na Umar hakumtuhumu. Hakuuliza kama Kharija ana nia ya kuwachungulia majirani. Hakumtaka aweke ahadi, wala hakuwaambia majirani wangoje mpaka wachunguliwe ndipo walalamike. Alipima kimo cha dirisha. Leo anayekaa chumbani ni Kharija mchamungu, kesho atakaa mpangaji, keshokutwa mrithi, na dirisha litabaki pale pale.

Hiki ndicho kipimo ambacho sheria yetu imekigusa kwa kusema taarifa zisizidi haja, lakini haikukisimamisha mbele. Swali lake kubwa kwa mkusanyaji ni: kusudio lako ni nini, na umesajiliwa? Swali la Umar linatangulia hilo: ukisimama hapo juu, unaweza kuona nini? Anayekopesha elfu themanini ana haja ya kumjua mkopaji na namna atakavyolipa. Hana haja hata kidogo ya namba ya mkwewe. Basi dirisha hilo lisijengwe kabisa, hata mwenye nyumba akiridhia.

Na hakuna msomaji wa jarida hili aliye nje ya jambo hili. Mwezi Novemba 2020 waandishi wa Motherboard nchini Marekani walifichua kuwa programu ya Muslim Pro, inayotumiwa na mamilioni ya Waislamu kujua nyakati za sala na kibla, ilikuwa ikipeleka habari za mahali alipo mtumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode, na kwamba miongoni mwa waliokuwa wakipata taarifa kutoka kampuni hiyo walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano na kampuni hiyo. Lakini kwa muda wote uliotangulia, Muislamu aliyeelekea kibla alikuwa akionekana na asiowajua. Programu ya kibla ina haja ya kujua uko mji gani kwa dakika ile. Haina haja ya kukumbuka ulisali msikiti upi Ijumaa iliyopita.

Pungufu la tatu: milango ya dola

Sheria imesamehe uchakataji wa taarifa unaofanywa kwa ajili ya usalama wa taifa na maslahi ya umma, kuzuia na kugundua uhalifu, na mambo mengine ya namna hiyo. Hatukatai asili ya msamaha huu. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 H, ameeleza katika al-Ahkam as-Sultaniyya kuwa muhtasibu hana ruhusa ya kupeleleza yasiyodhihiri. Kisha akatoa kando hali moja: pale mtu mwaminifu anapoleta habari kuwa fulani amejitenga na mtu ili amuue, au jambo la mfano huo ambalo likishapita haliwezi kurudishwa. Hapo upelelezi unajuzu, ili damu isimwagike.

Tazama alivyoibana ruhusa hii. Ameshurutisha mtoa habari awe mwaminifu, habari iwe ya mtu maalumu na jambo maalumu, na madhara yawe yasiyoweza kufidiwa. Neno "maslahi ya umma" peke yake halina mipaka hiyo. Linaweza kuingiza damu, na linaweza kuingiza udadisi wa afisa. Wala si sisi tu tuliotaka uwazi. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri la mwanasheria Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliona baadhi ya vifungu vya sheria hii kuwa havina uwazi unaotakiwa na Katiba. Maulamaa wa kale wangekubaliana na asili ya hukumu hiyo: mwenye mamlaka apewe mamlaka kwa kadiri ya dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake.

Sisi wenyewe je?

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukawa tumewasema wakopeshaji, makampuni na serikali. Lakini dirisha la Kharija linaelekea kwetu pia.

Kila Ramadhani tunagawa futari na sadaka kwa mayatima na wajane. Tunawapanga mstari, tunawashikisha mfuko wa mchele mkononi, tunawapiga picha, kisha picha inapelekwa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ili wafadhili waone. Allah (S.W.) amesema katika Surat al-Baqara, aya ya 271, kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na kuificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Mtoaji ana hiari ya kudhihirisha sadaka yake. Je, ana hiari ya kudhihirisha ufakiri wa mwenziwe? Yatima yule atakua, atataka kuoa, na sura yake akiwa na mfuko itakuwa bado imo katika simu za watu. Mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Madrasa ngapi zetu zingesalimika na hukumu kama hiyo?

Tunayo madaftari ya zaka yenye majina ya wenye madeni, yakikaa juu ya dirisha la ofisi ya msikiti. Tunazo barua za masuluhisho ya ndoa, zenye siri za vyumbani, katika simu ya katibu ambayo wanawe huchezea. Tunawatangazia watu maradhi ya mgonjwa tukisema tumuombee dua, hali mgonjwa hakutaka maradhi yake yatajwe. Jabir (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa mtu akizungumza jambo kisha akageuka kutazama nyuma, mazungumzo hayo ni amana. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Kule kugeuka tu kumetosha, bila hata ya kusema usimwambie mtu. Na Anas bin Malik (R.A.), akiwa mtoto, alitumwa na Mtume (S.A.W.) haja fulani, na mamaye alipomuuliza haja gani, alijibu kuwa ni siri, mama naye akamwambia asimwambie mtu siri ya Mtume. Hivi ndivyo mtoto alivyolelewa, na hivi ndivyo mama alivyokuwa.

Hatuwezi kusema kuwa kulinda siri nyingi haiwezekani. Hapa hapa Kisongo, katika eneo la Lakilaki, yalifunguliwa mwezi Novemba 2016 majengo ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi na kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Rwanda, iliyokaa Arusha mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mahakama ile ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000. Wengi wao walilindwa kwa kuitwa kwa herufi badala ya majina, kwa sababu jina likitoka mtu angeweza kuuawa. Walipewa hifadhi hiyo kwa kuwa walioandika walijua thamani ya wanachokishika. Siri za wajane wetu nazo zina thamani, nasi tunazishika kwa jina la Allah.

Tunayoyapendekeza

Kwa maimamu na viongozi wa misikiti: msiandike msichokihitaji. Mnaotoa futari, andikeni idadi ya kaya, si majina, pale idadi inapotosha. Mfadhili akitaka ushahidi, apigwe picha mchele, asipigwe picha yatima. Daftari la zaka liwe na kufuli na mtu mmoja mwenye ufunguo, na majina yakishakidhi haja yafutwe. Na mjue kuwa msikiti unaokusanya majina na namba za watu ni mkusanyaji kama wakusanyaji wengine, basi muulizeni Tume wajibu wenu ni upi.

Kwa wanafunzi: someni mlango wa hodi, wa amana na wa fudhuli kwa macho ya zama hizi, kwani masuala haya yatawajia nyinyi zaidi kuliko yalivyotujia sisi.

Kwa kila mwenye simu: kabla ya kubonyeza kukubali, jiulize kama unachokitoa ni chako. Na ukiletewa ujumbe wa kumfedhehesha ndugu yako, usiusambaze wala usimuulize mwenzio kama naye ameupata. Ufute, kisha nenda kwa ndugu huyo kimya kimya. Ikiwa ana dhiki, aya ya 280 ya Surat al-Baqara imekwisha amuru mwenye dhiki apewe muda, na kumwachilia ni bora zaidi.

Na kwa watunga sheria: mmetuwekea mlango wenye komeo, Allah awalipe kwa hilo. Sasa pimeni na madirisha.

Yule ndugu alirejea msikitini. Watu wawili walimlipia deni lake la asili bila ya kujitaja, na sisi hatutawataja. Usiku ule aliporudi hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi. Mtu mmoja alisogea tu katika safu akampa nafasi.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisitiri aibu zetu, azitulize khofu zetu, na atujaalie kuwa wenye kuwasitiri waja Wake hapa duniani ili naye atusitiri Siku ya Kiyama. Amin.

Wabillahi tawfiq.